"Nimemchora bibi mara nne, mama anasema siye": kuchora sura ya mtu kuna maana gani?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, naishi Tanga, nachora sura za watu kwa penseli kutoka kwenye picha za simu. Nimejifunza mwenyewe, na oda napata mbili tatu kwa mwezi. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa darasa la kwanza, alifariki mwezi wa tatu. Hakupenda kupigwa picha, tumebaki na moja tu, ile ya kitambulisho. Nimeikuza, nimepiga miraba, nimemchora mara nne. Marafiki wanasema nimepatia kabisa, wengine wanadhani ni picha ya kamera. Lakini mama aliangalia, akanyamaza, halafu akasema: 'Umechora vizuri, ila huyu siye mama yangu.' Binamu yangu ananiambia nisihangaike, kuna programu ya simu inayotoa mchoro kwa sekunde chache. Mjomba anasema kuchora sura ya mtu ni haramu, tena hakumfai aliyekufa wala aliye hai. Nakaa nachora mpaka saa nane usiku, mkono unakufa ganzi. Naomba uniambie ukweli. Nakosea wapi? Na kuchora sura ya mtu kuna maana gani siku hizi, kila mtu ana kamera mfukoni?"*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi.

Umeuliza unakosea wapi, na umeuliza kazi hii ina maana gani. Kwangu hayo ni swali moja, kwa sababu kosa lako si la mkono. Mtu ambaye mchoro wake unadhaniwa ni picha ya kamera, mkono ameshaumudu. Kinachokusumbua ni namna unavyoielewa kazi yenyewe. Umeichukua kuwa ni kunakili picha, na ndiyo maana binamu yako alipotaja programu ukakosa la kumjibu.

Nianze na mama yako, kwa kuwa yeye amekuambia jambo zito kuliko wote waliokusifu. Marafiki zako hawakumjua bibi. Wana vitu viwili tu vya kulinganisha, kitambulisho na karatasi yako. Wanaona vinafanana, wanasema umepatia, na wanasema kweli. Mama analinganisha karatasi yako na mtu aliyemwona akicheka, akifoka, akichambua mchele, akisinzia kwenye mkeka, akiumwa. Naye anasema kweli.

Tofauti hii ina sababu yake. Sura ya mtu tusiyemjua tunaishika zaidi kwa mambo ya nje: nywele, umbo la kichwa, mstari wa taya. Sura ya mtu tuliyemzoea tunaitambua zaidi kwa yaliyo katikati ya uso, yaani macho, pua na mdomo, na hasa kwa nafasi zilizopo baina yake. Mwaka 2011 watafiti nchini Uingereza waliwapa watu picha 40 zilizochanganywa, za wanawake wawili mashuhuri wa Uholanzi, 20 kila mmoja, wakawaambia wazipange ili kila mtu awe na fungu lake. Waingereza, ambao hawakuwafahamu wanawake hao, kwa kawaida walifikisha mafungu saba au nane. Waliamini kabisa kwamba wanaona watu saba au nane. Waholanzi waliowafahamu karibu wote walizigawa mafungu mawili, kazi ikaisha.

Tafakari maana yake kwako. Picha moja ya mtu inaweza kutofautiana na picha yake nyingine kuliko inavyotofautiana na picha ya mtu baki. Sisi tunaomfahamu mtu hatumtambui kwa picha moja iliyoganda kichwani. Tumekusanya maelfu ya namna anavyoonekana, na katika hayo tumejua uso wake unabadilika kwa mipaka gani. Ni kama unavyoijua hatua ya mtu wa nyumbani kabla hajafika mlangoni: hajawahi kutembea mara mbili sawasawa, lakini hukosei. Mama yako anayo maelfu hayo ya bibi. Wewe pia unayo, maana amekulea. Ila ulipoketi na penseli uliyaweka kando yote, ukashika lile moja la kitambulisho.

Na hebu tuiangalie hiyo picha yenyewe. Bibi aliambiwa akae wima, asicheke, atazame mbele, labda asogeze mtandio nyuma paji la uso lionekane. Mwanga wa picha kama hizo kwa kawaida hutoka mbele moja kwa moja, na mwanga wa mbele hufuta vivuli. Vivuli ndivyo vinavyotuonyesha mfupa wa shavu umesimama wapi, jicho limezama kiasi gani, mdomo unakunja kuelekea wapi. Juu ya hayo, imechapishwa ndogo sana, na ukiikuza kamera haiongezi chochote, inakuza vidoti. Umefanya kazi ya uaminifu mkubwa kunakili picha ambayo haina bibi ndani yake kwa kiasi unachodhani.

Kwa wateja wako kuna mtego mwingine, nao hutokana na picha za kujipiga wenyewe. Chukua mtu ambaye kutoka ncha ya pua hadi sikio ni sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, sikio liko sentimita 42, kwa hiyo pua inakuzwa kwa asilimia 40 zaidi ya sikio. Simu ikirudi nyuma hadi mita moja na nusu, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 8. Ndiyo maana watu huziona pua zao kubwa na masikio yamekimbia nyuma. Ukinakili picha ya namna hiyo kwa miraba, umenakili kosa la umbali kwa usahihi kamili. Mwombe mteja picha iliyopigwa na mtu mwingine, amesimama hatua mbili au tatu mbali, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera.

Sasa dhana ya pili ya kuiondoa: kwamba kufanana ni wingi wa vitu vidogo. Wengi waliojifunza wenyewe huamini kwamba wakichora kila kope na kila kitundu cha ngozi, mtu atajitokeza. Mtazame Gado, mchoraji katuni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefanya kazi miaka mingi kwenye magazeti ya Nairobi. Kwa mistari michache, bila kope hata moja, kila mtu anamjua rais anayechorwa. Anachofanya mchora katuni ni kutafuta mahali ambapo uso huo unatofautiana na nyuso za kawaida, kisha anausukuma uende huko huko zaidi. Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba watu huweza kumtambua mtu wanayemfahamu haraka zaidi kwenye katuni ya mistari kuliko kwenye mchoro sahihi wa mistari. Sikwambii umchore bibi katuni. Nakwambia kwamba bibi yuko kwenye uwiano wa uso wake, na milimita mbili za makosa kati ya pua na mdomo wa juu zinatosha kumfukuza, hata ukichora kope zake zote.

Jipime hivi. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Peter Thompson alichukua picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, akageuza macho na mdomo tu juu chini, halafu akaigeuza picha nzima kichwa chini. Watu wakaiona ya kawaida. Ilipogeuzwa ikasimama sawa, ilitisha. Maana yake ni kwamba uso uliopinduliwa hatusomi uhusiano wa viungo vyake, tunaona viungo kimoja kimoja. Hili unaweza kulitumia kwa faida. Unapopima na kulinganisha, pindua karatasi na picha zote kichwa chini, kwa sababu hapo ubongo hauendi mbio kukuambia "hili ni jicho", na unaona maumbo matupu. Lakini unapotaka kujua kama ni yeye, simamisha mchoro sawa, uweke ukutani, rudi hatua tano, na utazame pia kwenye kioo. Kosa ulilolizoea kwa wiki nzima litakurukia.

Kuna mahali pamoja napenda ukague leo hii. Macho ya binadamu mtu mzima yako karibu katikati ya kichwa, kutoka utosini hadi ncha ya kidevu. Wanaoanza huyaweka juu zaidi, kwa sababu paji la uso halina "kitu" cha kutazama. Kwa bibi aliyevaa mtandio kosa hili huongezeka maradufu, maana nguo inaficha utosi na mchoraji anasahau kuna fuvu chini yake. Chora kwanza fuvu lote kwa mstari mwembamba, kisha uvike mtandio. Pia kumbuka uso wa mzee umebadilika mifupa, si ngozi peke yake. Meno yaking'oka, taya hupungua na kidevu husogea kuelekea pua; midomo huingia ndani; jicho huzama. Mchoraji kijana huchora uso wa kijana halafu anaupaka mikunjo juu yake. Je, bibi alikuwa na meno ya chini? Kama hukumbuki, muulize mama.

Na hapo ndipo kazi yako ya kweli inapoanza. Weka penseli chini kwanza. Kaa na mama, kaa na shangazi na jirani aliyezoeana naye, kila mmoja kwa wakati wake ili wasipokezane maneno. Usiwaulize "alikuwaje?", watakujibu alikuwa mpole. Waulize madogo. Akisikiliza mtu alikuwa anainamisha kichwa upande gani? Akicheka, ni jicho lipi lilikuwa linafunga zaidi? Mtandio ulikaa wapi kwenye paji la uso, na alikuwa anaupachika sikioni au anauacha? Akikaa kimya, midomo ilikuwa imefumbwa au iliachana kidogo? Mtu mmoja atakwambia kitu ambacho wengine wote watasema, "Ehee, hilo!" Hicho kiandike.

Kisha chora vidogo vidogo, vya ukubwa wa kiganja, haraka, bila kumaliza: kimoja kichwa kimeinama, kimoja jicho limebana, kimoja kidevu kiko juu. Vitandaze mezani mbele ya mama. Usimwombe aeleze, mwombe achague. Binadamu ni dhaifu sana katika kueleza sura kwa maneno na hodari sana katika kuitambua akiiona. Mama hawezi kukuambia umbali wa macho ya mama yake, lakini kati ya michoro kumi atanyoosha kidole kwenye mmoja bila kusita. Endelea kutoka huo.

Jambo lingine, mchore mama mwenyewe. Mwekee kiti dirishani asubuhi, mwanga utoke upande mmoja, mchore yeye kama yeye, kwa muda mrefu. Utajifunza mfupa wa shavu na taya wa ukoo wenu katika mtu mwenye ujazo, siyo kwenye kadi. (Macho usimwazime; macho ya mtu ni yake.) Lakini sikupeleki kwa mama kwa ajili ya mifupa peke yake. Nataka uone kinachotokea mtu anapoketi mbele yako saa nzima. Dakika za mwanzo atajiweka sawa, atakaza uso kama alivyokaza bibi kwenye kitambulisho. Baadaye atachoka kujiweka sawa. Bega litashuka, mdomo utalegea, ataanza kuzungumza au atapotelea kwenye mawazo yake, na hapo utamwona mtu ambaye umeishi naye na hujawahi kumtazama kwa utulivu hivyo. Mwaka 2002 mchoraji David Hockney alikaa mbele ya mwenzake Lucian Freud kwa zaidi ya saa 100 ili picha moja ndogo ikamilike. Si kwamba Freud alikuwa mzito wa mkono. Saa zile ndizo zilizokuwa kazi yenyewe.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kamera. Kamera inachukua mwanga wa sehemu ya sekunde, na inachukua kila kilichokuwepo: uso, ukuta, doa la kioo. Mchoraji anakaa na mtu, au na kumbukumbu ya mtu, na kwa kila mstari anaamua hiki kinabaki na hiki kinaondoka. Mwaka 1839 mbinu ya kamera ya Daguerre ilipotangazwa Ufaransa, wachoraji wengi wa sura ndogo ndogo za kuvaa shingoni walipoteza kazi katika miaka iliyofuata, na ilikuwa haki, kwa sababu walichokuwa wanauza ni kumbukumbu ya haraka, na kamera iliitoa kwa haraka zaidi. Waliobaki ni wale waliokuwa na kitu cha kusema kuhusu mtu aliye mbele yao. Hali ya leo na programu za akili mnemba ni hiyo hiyo.

Tusimwonee binamu yako. Kama familia inataka tu picha kubwa ya bibi ya kuweka sebuleni kabla ya kisomo, kuipeleka picha ya kitambulisho studio ikasafishwe na kukuzwa ni uamuzi mzuri, rahisi, na hakuna haja ya mchoro. Lakini programu inapokosa habari, hujaza kwa yale iliyojifunza kwenye nyuso za watu wengine. Italainisha mikunjo, itaweka nywele za nyusi pasipo na nywele, kovu dogo italisawazisha. Kwa mgeni, matokeo yatapendeza. Mama yako atasema tena siye, na safari hii hapatakuwa na mtu wa kumwambia, "Subiri, nirekebishe."

Nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu mjomba amesema sura haimfai aliyekufa wala aliye hai. Upande wa dini nitaufikia. Upande wa faida, tazama Misri, hasa eneo la Fayum, kati ya karne ya 1 na ya 3 chini ya utawala wa Roma. Watu wa kule walichora sura za watu kwa rangi, nyingi zimechanganywa na nta, juu ya ubao mwembamba, na ubao huo ukafungwa usoni mwa maiti iliyokaushwa. Zimebaki takribani 900. Wengi wao majina hatuyajui. Kuna wanawake wenye hereni, watoto, vijana wenye ndevu changa. Ukikutana na macho yao unaelewa mara moja kwamba aliyeagiza picha ile alitaka mtu huyu, siyo mtu yeyote, aendelee kujulikana. Ni Afrika hii hii.

Au njoo karibu, Katanga, kusini mwa Kongo. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa huko Januari 1961, mwili wake ukayeyushwa kwa tindikali. Kilichorudishwa na Ubelgiji mwaka 2022 ni jino moja. Kwa miaka zaidi ya 60 hapakuwa na kaburi la kusimama mbele yake. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja, na akazieleza, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha kwao. Lumumba yumo mara nyingi: anahutubia, amefungwa kamba, amelala chini. Tshibumba hakuwa na ustadi wako wa kivuli. Lakini ukiziona huna shaka huyo ni nani na mchoraji anamlilia kwa nini. Mahali ambapo mwili ulinyimwa kaburi, sura ilibaki.

Sasa dini. Mjomba hajazua jambo, na usimjibu kwa dharau. Wanazuoni wengi wa zamani walikataza kuchora viumbe wenye roho, wakitegemea hadithi sahihi kuhusu watengeneza sura. Imam Nawawi, ambaye neno lake lina uzito mkubwa kwa Mashafii, na pwani yetu kwa sehemu kubwa ni Mashafii, hakutofautisha kati ya sanamu yenye kivuli na picha bapa. Kwa wanazuoni wa Kimaliki imo rai nyepesi zaidi kwa picha isiyo na kivuli, na wapo wanazuoni wa zama zetu wanaolitazama suala hili kwa nia na matumizi ya picha. Utasikia pia mtu akikuambia kwamba Sultani Mehmed wa Pili wa Istanbul alichorwa na Mtaliano Gentile Bellini mwaka 1480. Ni kweli alichorwa, lakini tendo la sultani si fatwa. Mimi ni mwalimu wa kuchora. Suala la halali na haramu lipeleke kwa sheikh unayemwamini, umweleze yote, pamoja na kwamba unauza na kwamba picha itatundikwa ukutani, kwa sababu hayo hubadilisha jibu. Kisha fuata anachokuambia kwa moyo mweupe.

Ikiwa moyo wako utatulia kwenye rai ya mjomba, bado una njia ya kumkumbuka bibi kwa mkono wako. Wanazuoni wengi hawahesabu kuwa sura kitu kisicho na kichwa. Chora kanga yake iliyotundikwa kwenye msumari, ukiangalia namna kitambaa kilivyozoea mikunjo ya bega lake. Chora kinu, mkeka, ndara zake zilizolika upande mmoja. Nimewahi kuona mchoro wa jozi ya ndara uliomliza mtu mzima mlangoni, kwa sababu aliijua ile miguu.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, isipokuwa jambo moja. Penseli ni grafiti na udongo wa mfinyanzi, mchanganyiko aliousajili Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, na grafiti ikikandamizwa sana hung'aa. Ukitaka weusi wa ngozi ya bibi kwa kukaza 8B, ile penseli laini na nyeusi sana, utapata kioo cha kijivu kinachorudisha mwanga, na uso unakuwa bapa. Ngozi nyeusi haisomeki kwa kuijaza giza; inasomeka kwa mahali mwanga unapotua: juu ya mfupa wa shavu, ukingo wa pua, juu ya mdomo wa chini. Kwenye ngozi yetu mwanga huo ni mkali na una mpaka wazi, na ndio unaochonga uso. Jaribu mkaa wa kuchorea kwa sehemu za giza kabisa, maana haung'ai, na karatasi ya rangi ya kahawia, ukiongeza chaki nyeupe kidogo mahali mwanga unapogusa. Tazama pia kazi za Sungi Mlengeya, Mtanzania mwenzako, anayechora wanawake weusi waliovaa nguo nyeupe kwenye uwanja mweupe mtupu. Kila kitu kingine kimeondolewa, ngozi ndiyo inayosema. Na kwa hewa ya Tanga, picha ikishakamilika usiiache iguse kioo cha fremu. Weka ukingo wa kadibodi katikati, la sivyo unyevu utaleta ukungu na mkaa utahamia kwenye kioo.

Nimeacha usiku wako na mkono wako mwishoni, lakini ndivyo vilivyonitia wasiwasi zaidi. Ganzi inayopiga kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ikikuamsha usiku, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Legeza mshiko, inua ubao uwe mshazari, chora kwa bega badala ya vidole, na pumzika kila nusu saa. Ikiendelea wiki mbili tatu, au ukianza kudondosha vitu, nenda hospitali, usingoje, kwa sababu mshipa ukibanwa muda mrefu misuli ya gumba hudhoofika na si rahisi kurudi.

Na majonzi nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1879 mchoraji Mfaransa Claude Monet alimchora mke wake Camille akiwa amelala kitandani amekwisha kufa. Miaka mingi baadaye alimsimulia rafiki yake Georges Clemenceau kwamba alijikuta akifuatilia rangi ambazo kifo kilikuwa kinaziweka usoni pale, buluu, njano, kijivu, kabla hata hajaamua kuchora. Ilimshtua. Jicho la mchoraji linaweza kukupumzisha msibani kwa sababu linakupa kazi ya kufanya na mtu unayempenda. Linaweza pia kuwa mahali pa kujifichia ili usilie. Wewe ndiye unayejua. Kama baada ya kuchora unajisikia umekaa na bibi, endelea, lakini mchana. Kama unachora ili usilale, huli vizuri, kazi nyingine zimekushinda, huzuni haipungui hata chembe miezi inavyokwenda, au unapata mawazo ya kutamani kumfuata, hilo la mwisho usilibebe hata siku moja peke yako. Mwambie mama leo, na nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kumwona mtu wa afya ya akili. Kufiwa na aliyekulea ni kufiwa na mzazi, na hakuna daktari atakayekushangaa.

Kwa upande wa kazi, umefika mahali ambapo video hazitakuongeza sana; unahitaji mtu asimame nyuma ya bega lako. Bagamoyo kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, Dar es Salaam kuna kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, na hapo hapo Tanga tafuta mwalimu wa sanaa wa sekondari anayechora kweli, umwombe saa moja ya Jumamosi. Beba michoro yote minne, beba na kile kitambulisho, na vile vidogo ambavyo mama atakuwa amevichagua. Vipange kwenye meza kwa mfuatano na umwombe akuonyeshe bibi anaanzia wapi kutokea.